Konte Apanda Mizani

Ottorino Scaglia alimwona simba wa chuma kwenye geti jipya la Armando Zerbini, amekumbatia jibini kubwa kwa miguu yote miwili ya mbele, akajua riziki imemfuata. Mtu anayejichongea nembo ya ukoo kabla hajapata ukoo anaomba kuibiwa, tena kwa adabu.

Zerbini ndiye tajiri wa jibini wa Montecrovo, vilimani juu ya mji wa Parma. Alikuwa na maghala, malori na meno mapya. Alichokosa ni babu wa kutajika. Babu yake mwenyewe alichunga ng'ombe wa makonte, makabaila wa Montecrovo, ukoo uliomiliki vilima vyote vile kwa karne sita kwa juhudi kubwa ya kuoa wajane matajiri na kuwazika mapema. Konte wa mwisho alikufa bila mtoto, akauachia mji kasri lisilo na paa. Sheria ilikwisha kufuta vyeo hivyo zamani, ila ilisahau kufuta ugonjwa wa kuvitamani.

Basi Ottorino akatinga mkahawani kwa Bi Delfina, pale uwanjani, na suti nyeupe na uso wa mtu aliyenyang'anywa mashamba. Akajitambulisha kuwa mjukuu wa konte yule, nje ya ndoa lakini ndani ya damu.

"Sina mtoto," akamlilia Zerbini. "Jina letu nitazikwa nalo. Labda nimwasili mtu mzima, arithi jina na nembo."

"Mtu mzima kama nani, mheshimiwa?"

"Mwenye moyo. Na kitu kidogo cha kutanguliza, nikamjengee babu kaburi."

Zerbini, aliyemzidi umri kwa miaka ishirini, alimbusu mkono na kumwita baba papo hapo.

Bahasha ya fedha ilikabidhiwa Jumapili, sikukuu ya Mtakatifu Bovo, mlinzi wa ng'ombe, mji mzima ukiwa uwanjani. Ottorino aliisukumia mfuko wa ndani. Basi la Parma lilikuwa la alasiri, na moyo wake ulikwisha panda.

"Heri konte wetu amerudi," alisema Bi Delfina, akionyesha mizani ya mji, lile bamba la chuma lililofukiwa uwanjani, wanapopimia mifugo na mikokoteni ya zabibu. "Desturi ya leo unaijua, mheshimiwa?"

Katika kazi yake Ottorino alikuwa na amri moja takatifu: konte wa kweli haulizi.

"Niijue? Babu alinisimulia huku machozi yakimtoka!"

"Hewala! Basi panda maksai, mpimwe pamoja, halafu utugawie jibini la uzito huohuo kama walivyofanya wazee wako."

Ottorino akapiga hesabu ya uzito. "Nadhani babu alisema... ndama."

"Ndama!" Uwanja ukaangua kicheko. "Konte mzima juu ya ndama? Babu gani huyo?"

Zerbini alimtazama kwa jicho la kuanza kushuku. Ottorino akaipapasa bahasha.

"Maksai," akakubali kinyonge. "Nilichanganya."

Akaletwa maksai mweupe, mpana kama kitanda cha wanandoa.

"Panda, baba, usitutie aibu!" Zerbini alimhimiza. "Jibini usihofu, ghala langu limejaa. Nitakuuzia bei ya mtoto kwa baba."

Wakapimwa pamoja, na bei ya mtoto kwa baba ikaimeza bahasha yote. Ottorino alitoa na pete yake ya ukoo kujazia. Bi Delfina akaiuma, akaitema.

Alasiri watu walikuwa wakila jibini na kunywa divai, wakiwaombea makonte pepo. Zerbini alimsindikiza mgeni hadi kituoni. Ottorino alinuka ng'ombe, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa mnyonge wa kweli.

"Mimi nilikuamini, baba, haki ya Mungu," alisema Zerbini. "Delfina ndiye mwenye roho mbaya. Leo asubuhi, tukinywa kahawa, akasema tutunge desturi, tuone kama babu yako atakuwa alikusimulia."

Basi likafika. Ottorino akapanda. Zerbini akagonga dirisha.

"Mwakani usikose! Watu wameipenda, na maksai amekuzoea."