Kuifungua Injini, Kuangalia Tu

Jumatatu, 7 Julai 2025

Daktari wa Homa Bay asema vali ya moyo wangu inavuja. Nikamwambia vali nazijua, nimezisaga kwa mikono yangu. Hakucheka. Alimtazama mke wangu, Bitutu, kama anayemkabidhi mzigo.

Basi niandike kweli, maana huko niendako hakuna kusahihisha. Ndege iliyo nyuma ya nyumba yangu hapa Migori ilikuwa inaruka. Tuliinunua tulipostaafu, mimi na jirani yangu Maranga: mimi ualimu wa fizikia, yeye ukarani wa mahakama. Mmisionari mmoja aliiacha kwenye kiwanja kikuukuu karibu na Macalder. Injini iliwaka mara moja. Rubani tulimpata. Maranga alitaka kitu kimoja tu: alione ziwa kutoka juu, kutoka Sori hadi Homa Bay, kisha arudi nyumbani kula. Mimi nikasema tuifungue injini kwanza. Kuangalia tu.

Wakati huo binti yetu Dorah alikuwa kidato cha pili. Sasa mwanawe yuko kidato cha pili. Injini ilibaki kwenye magunia. Maranga aliacha kunisalimia.

Sasa yeye ni mgonjwa kuliko mimi. Hatoki kitandani. Mpango: injini iwake kabla hajafa, nimketishe ndani ya ndege, aisikie, anisamehe. Ni mpango mzuri. Mipango yangu yote ni mizuri.

Jumanne, 8 Julai

Magneto imerudi kutoka Homa Bay. Ndiyo inayozipa plagi cheche. Fundi wa injini za boti aliyeitengeneza ameonya kwamba ule waya wa kuizima usisahaulike: magneto haihitaji betri, ikishaanza haina adabu. Nikamjibu kwamba nimefundisha sumaku maisha yangu yote.

Nimemtuma Bitutu kwa Maranga na mkungu wa ndizi. Amerudi nao. Maranga alisema, "Mwambie Mwalimu alete injini. Ndizi ninazo."

Tusi! Lakini ni maneno ya kwanza baada ya miaka. Nimeyafurahia jioni nzima.

Alhamisi, 10 Julai

Mikono inatetemeka, spana haikai. Mirumbe, dereva wa trekta kutoka Kehancha, amenifungia silinda ya mwisho. Akauliza ni nini kitakachoizuia ndege isituache. Tumefunga mkia kwenye nguzo ya jikoni. Bitutu akataka kujua kama mimi sina nguzo yangu.

Imebaki nati moja mezani. Nimeitia mfukoni. Akiba haiozi.

Ijumaa, 11 Julai

Siku ya kuwasha! Sisi ni Waadventista. Jua likitua Ijumaa, Sabato imeingia, kazi imekwisha, na kanisa lenyewe liko ng'ambo ya ua. Bitutu alinisihi tungoje Jumapili. Nikasema nitawasha saa kumi na moja, dakika chache tu, nizime.

Mirumbe akazungusha propela kwa mkono. Kimya. Tena. Kimya. Kisha moshi, kikohozi, ngurumo! Nililia. Mzee mzima, nalia ndani ya ndege isiyo na mlango.

Nikazima swichi. Injini ikaendelea. Waya! Ule waya ulikuwa mfukoni mwa koti, pamoja na nati. Nikajaribu kufunga mafuta. Kishikio kikang'oka, kikanibakia mkononi. Na tangi nililijaza mwenyewe, kwa majivuno.

Jua likatua. Sukuma wiki yote ya Bitutu ikalala kuelekea Tanzania. Nguzo ya jikoni ikaanza kuinama. Waumini waliokuwa wakiimba kuikaribisha Sabato walitoka nje, vinywa vikifunguka bila sauti. Mchungaji akaja ameziba masikio. Wakagawanyika pale pale uani. Wengine walisema Mwalimu amevunja Sabato hadharani. Shemasi Phelesia akapinga: hii ni kama uji wa thermos, ulipikwa Ijumaa, unanywewa Sabato. Mchungaji akapaza sauti kuuliza ni uji gani huu unaong'oa nguo za watu kwenye kamba.

Mafuta yakaisha.

Ndipo akatokea Marcella, mke wa Maranga. Nilijua ni malalamiko. Kumbe amekuja kuniambia Maranga ameketi. Ameketi mwenyewe, jambo ambalo hajaliweza tangu mvua zianze, na anauliza ni mjinga gani ameizima. Anataka abebwe Jumapili asubuhi aje aketi ndani. Kiti cha upande wa kulia.

Nimesamehewa nusu!

Jumamosi, 12 Julai

Sabato. Mahubiri yalihusu utulivu. Sikuinua macho.

Mchana kutwa nimeisikia injini kichwani. Kuna kitu. Chini ya ile ngurumo, tik. Tik. Huenda ni moyo wangu. Hapana, ni vali. Maranga ataisikia. Karani wa mahakama husikia kila kitu.

Jua limetua, Sabato imetoka. Silinda moja tu. Kuangalia tu.

Jumapili, 13 Julai

Walimbeba kwa kiti cha plastiki, Mirumbe upande mmoja, Marcella upande wa pili. Alivaa suti yake ya mahakamani. Shingo imekuwa nyembamba, kola imekuwa pana.

Mimi nilikuwa na grisi hadi viwiko. Silinda ilikuwa juu ya kitambaa cha meza cha Bitutu, pistoni kando ya birika la chai. Vali safi kama kijiko. Haikuwa na kasoro yoyote.

Maranga aliitazama ile silinda. Kisha akaniita kwa jina langu, si Mwalimu. "Ondieki. Umeifungua."

Nikasema kuangalia tu.

Nilingoja hukumu. Akaomba aketishwe ndani hivyo hivyo. Nikapanda kushoto. Aliweka mikono magotini, kisha akaanza kuunguruma kwa midomo. Brrrr. Akanigeukia: na wewe je, rubani, umelala? Nami nikaunguruma. Akasema pale ni Sori, wameanika dagaa wa omena, tushuke kidogo. Nikashuka kidogo. Tulipokaribia Homa Bay pumzi ilimwishia. Akanigusa mkono, akasema turudi nyumbani, ni saa ya kula.

Sikumwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga kumwomba injini ikinguruma.

Jumatano, 23 Julai

Tumemzika Maranga leo.

Marcella aliomba injini iwashwe jeneza likishushwa. Mchungaji alikubali, maana ni Jumatano. Nilikuwa nimeifunga upya: waya mahali pake, kishikio kipya. Ikawaka mara ya kwanza. Ilinguruma sawasawa, sauti ikapita juu ya ua, juu ya kaburi kwao Maranga, na nilipozima swichi ikazimika kama mtoto mtiifu. Haijapata kuwa nzuri hivyo. Nilimwomba msamaha ilipokuwa ikinguruma, kwa sauti kubwa. Hakuna aliyenisikia, hata mimi.

Marcella alinishika mikono yote miwili. Alisema, Mwalimu, sasa iache. Ibaki hivyo hivyo. Nikaapa mbele ya kaburi, na niliapa kwa moyo wote, unaovuja.

Sasa ni jioni. Nimevua koti. Ile nati bado imo mfukoni.

Injini haiwezi kuwa nzima ilhali nati yake iko kwangu. Hiyo ni fizikia. Bitutu amezificha spana, lakini najua anapozificha: ndani ya debe la unga. Amelala.

Silinda moja tu.