Vitenzi Vyenye Mikia

Jumatatu, 4 Machi

Mjukuu anakuja Jumamosi! Ana miaka saba, amezaliwa huku ugenini, anajua Kiingereza tu. Kwenye simu huongea na Kinyozi, kaka wa mke wangu, wakicheka hadi chaji inakaribia kuisha. Ndipo napewa mimi simu, namuuliza hali ya hewa.

Safari hii hapana. Nataka nimsimulie mwenyewe, bila mkalimani, ile nyumba tuliyoiacha: ngazi iliyokosa kidato kimoja, paka aliyelala juu ya redio. Mama yake alitoka akiwa amebebwa mgongoni, hakumbuki kitu. Nisipomwachia huyu mtoto kumbukumbu hizi, nyumba itapotea mara ya pili.

Kikwazo ni vile vitenzi vyenye mikia. Unachukua kitenzi kidogo kama 'get'. Kibandike 'up', umeamka. 'Off', umeshuka garini. 'By', unabangaiza maisha. Nimesoma lugha nne nyingine, hakuna iliyonifanyia utovu huu wa adabu.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata dawa! Kamusi yangu ya zamani imejaa vitenzi virefu, vizima, visivyo na mkia. Nitatumia hivyo tu.

Nimevijaribu kwenye basi. Badala ya kusema nashuka, nilimtangazia dereva kwamba nakusudia kuteremka kutoka katika chombo hiki. Akafunga breki papo hapo. Akauliza kama naumwa. Abiria wakanipisha, mama mmoja akanishika mkono hadi kando ya barabara. Heshima iliyoje!

Kituo hakikuwa changu. Nimetembea.

Jumatano, 6 Machi

Kinyozi kaja kunywa chai. Kasikia habari za basi. Akaniuliza, shemeji, kwani una kesi mahakamani? Anajisifu kwamba yeye kajifunza kazini: mteja anataja kitenzi na mkia wake, anaonyesha sikio, mkasi unafuata. Hajafungua kitabu maishani. Na watu wanamwelewa!

Nikamwambia kueleweka si hoja. Mke wangu akapaliwa na chai.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwenye duka la kufulia nguo, kuchunguza kama watu wenye akili timamu huitumia kweli hiyo mikia. Nikakaa katikati ya mashine, bila nguo za kufua. Mwenye duka akauliza nguo zangu ziko wapi. Nikamjibu kwa kitenzi kirefu kwamba ninafanya ukaguzi wa mwenendo wa wateja. Akaniletea kahawa na kunionyesha mtungi wa kuzimia moto.

Matokeo: wote wanaitumia. Mama mmoja, akimsema mumewe, alitoa kitenzi chenye mikia miwili! Maana yake ni kumvumilia mtu. Mke wangu ameniomba nimfundishe hicho, anasema atakihitaji.

Jumamosi, 9 Machi

Amefika. Kamba ya kiatu kimoja imefunguka, meno mawili hayapo. Mlangoni nikamwaga hotuba: namlaki kwa furaha isiyo na kifani katika makazi yetu. Akajificha nyuma ya koti la mama yake. Akauliza kama Babu ndiye yule askari aliyewakagua pasi uwanja wa ndege. Kinyozi akanitafsiria, ingawa nilielewa kila neno!

Baada ya chakula nikaianza nyumba. Ilijengwa, ilimilikiwa, ilikaliwa. Mtoto akapiga miayo. Akamfuata Kinyozi jikoni, na punde nikasikia vicheko.

Nikatoka nje kwenye ngazi za jengo, nikasimama. Mara akaja, peke yake, akauliza kidato kilichokosekana ni kipi. Kumbe alikuwa anasikiliza! Nikamwonyesha kimoja, tukajifanya ndicho. Nikaruka, na goti langu hili bovu. 'Over', nikasema, mkia ukanitoka tu. Akaruka naye. 'Up'. 'Down'. 'Over'. Tukapanda na kushuka mpaka jirani wa chini akatoka kuuliza kama tunahama.

Kisha paka. Kiganja kimoja kikawa redio, cha pili paka aliyelala juu yake. Mtoto akataka kujua kama paka aliwahi kushuka. Nikasema hapana, yuko pale pale. Akauliza tutakwenda lini kumwona.

Hapo sikupata kitenzi, kirefu wala kifupi.

Jumapili, 10 Machi

Wameondoka. Alipofika ngazini alikiruka kidato kile, tena bila kukumbushwa, akamwambia mama yake naye aruke. Mama yake akaruka, na mizigo yote.

Ushindi mkubwa! Nao, bila shaka yoyote, ni wa mfumo wangu. Leo nimeanza kumtungia mtoto kitabu cha vitenzi virefu, aache kuongea kama kinyozi. Kesho nampelekea dereva wa basi nakala.

Kinyozi kapita jioni kuuliza hali ya goti. Nikamjibu kwa kitenzi cha silabi sita. Hakuelewa hata kidogo.

Safi sana.