Nusu Chupa ya Donatus

Jumatatu, 1 Machi 1954
Daktari wa mifupa amenichagua kati ya wanaume arobaini! Basi, kusema kweli tulikuwa sita. Wala hakunichagua, nilipanga foleni mara mbili. Marselino, mkalimani wake, anasema mifupa ina madini yake, fosfeti. Kuna watu yanawatoka kwa mkojo, mifupa inabaki kama muhogo uliolowekwa. Kila mtu kapewa chupa: mkojo wa siku nzima, tone lisipotee. Wanaovuja watabaki hapa kambini kwa daktari. Dawa, maziwa, nyama kila siku! Wazima watarudi nyumbani. Nyumbani kuna mlenda.

Jumanne, 2 Machi
Kitanda cha pili yuko jirani yangu Donatus. Kaletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Nyonga zinamuuma hata akigeuka. Huyo anavuja, hakuna ubishi. Mimi nina magoti ya uzee tu. Lakini nimechimba dhahabu Geita miaka kumi! Shimo likiwa maskini na mnunuzi yuko njiani, tulilinyunyizia mchanga wa shimo tajiri. Donatus alipokwenda kuoga, nikamimina nusu ya chupa yake kwenye yangu. Yake nikaijaza maji. Sipendi kumwachia mwenzangu chupa pungufu.

Alhamisi, 4 Machi
Majibu. Navuja kama gunia bovu! Daktari kanishika bega kwa huzuni. Donatus kaambiwa fosfeti yake haina neno, aende nyumbani, dawa wapewe wagonjwa. Akafunga shuka lake, mkono mmoja ukutani. Akaniambia, “Baba Limi, wewe baki upone. Hiyo nyama uile na sehemu yangu.”
Kipande cha kwanza kitamu. Cha pili nikakirudisha sahanini.

Ijumaa, 5 Machi
Nimemwambia Marselino habari ya chupa. Kacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamtafsiria daktari, ambaye hakucheka. Mkokoteni ukaenda kumchukua Donatus. Ukanishusha mimi palepale alipopandia yeye.

Jumapili, 7 Machi
Mlenda. Marselino kapita: Donatus kapimwa upya, kaanza dawa. Sasa daktari anatafuta watu wasiovuja wa kulinganisha naye, wasiozidi miaka hamsini. Watakula nyama ileile!
Nimeshapaka masizi kwenye mvi. Kesho nampelekea Marselino ujumbe amfikishie Donatus: daktari akiuliza, sema mimi ni mdogo wako, sijafika hamsini. Kitanda nilikurudishia, bwana. Hilo moja tu nakudai.