Moli Kumi za Maji

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa shule katangaza asubuhi: mkaguzi anakuja Ijumaa. Ataangalia kipindi changu cha kemia na kipindi cha Mwalimu wa Baiolojia. Atakayemridhisha anapewa uongozi wa idara ya sayansi. Idara ni yangu! Mke wangu anajua, mama mkwe anajua, hata fundi viatu anajua.

Tatizo: nimefika kwenye moli, kile kipimo cha kuhesabia atomu na molekuli. Kila mwaka nikifika hapo darasa zima linanikodolea macho. Mimi huandika ile namba ndefu ya chembe za moli moja ubaoni, nasema nakilini, kisha kengele huniokoa. Safari hii ni vitendo. Atomu hazihesabiki kwa vidole, basi tunazihesabu kwa kuzipima uzito, kama muuza misumari. Nitapima moli kumi za maji mbele ya mkaguzi. Moli moja ya maji ni gramu kumi na nane, basi kumi ni gramu mia na themanini. Nitang'ara.

Jumanne, 4 Machi

Mizani ya maabara ni moja. Mwalimu wa Baiolojia naye anaitaka, apime maharage yake yaliyoota. Nikachomoa betri, nikamwambia kwa huzuni kwamba mizani imekufa. Akaamini! Akanipa na pole. Nimecheka peke yangu chooni. Ijumaa nazirudisha, mizani inafufuka.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Mwalimu wa Baiolojia ni mama mwenye moyo mwema kupita kiasi. Kaipeleka mizani kwa fundi, kwa ajili yangu, eti nisije nikaaibika. Itarudi wiki ijayo. Yeye hana shida, maharage atayapima urefu kwa rula. Mimi maji nitayapima kwa rula? Nikamshukuru huku nimeuma meno.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji, kaka wa mke wangu, ana duka. Mizani yake ina sahani pana na mshale mwekundu. Nikamwomba aniazime. Akakataa. Nikamkumbusha kwamba yeye ni mjomba wa wanangu. Akakataa tena. Mke wangu akampigia simu, ndipo akakubali, lakini akijifuta jasho. Akanisihi nisipime kitu ambacho watu wanajua uzito wake. Nikamwambia aondoe wasiwasi, ni maji tu. Akazidi kutoka jasho. Nadhani ana homa.

Ijumaa, 7 Machi

Mkaguzi kakaa nyuma, miwani puani. Nilianza vizuri mno. Nikamimina maji taratibu mpaka mshale ukagusa mia na themanini. Nikatangaza: moli kumi! Makofi. Kwa mbwembwe nikayahamishia kwenye silinda ya kupimia, wote waone mililita mia na themanini, maana gramu ya maji ni mililita moja.

Mia na hamsini.

Nikasema mengine yamegeuka mvuke. Binti wa dawati la mbele, yule anayeuliza mpaka mtu unatamani kustaafu, akasema maji ni ya baridi na dirisha limefungwa. Akatoa kikokotoo. Tunahesabu kwa uzito, akasema, na kama uzito ni wa uongo basi hata hesabu ni ya uongo: hizo si moli kumi, ni nane na kidogo. Loo! Watoto ambao tangu mwaka uanze wamekuwa wakisinzia sasa walikuwa wanagawanya kwa kumi na nane huku wakigombania kikokotoo! Kisha mmoja akaitambua ile sahani: mizani ya dukani kwa shemeji. Wakahamia kwenye sukari. Anayenunua kilo pale anabeba gramu mia nane na ushei. Na wote kwao wananunua pale.

Mkaguzi akaniuliza kama nimeleta mizani mbovu makusudi, wanafunzi wagundue wenyewe. Alikuwa anatabasamu! Ningefanyaje? Nikasema ndiyo, nilijua tangu zamani. Akaandika sana.

Jumamosi, 8 Machi

Foleni dukani kwa shemeji, na si ya kununua. Kila mzazi kashika mfuko wa sukari. Shemeji kawaapia hakujua kitu. Wakamjibu kwamba mume wa dada yake alijua tangu zamani, kasema mbele ya mkaguzi.

Mke wangu hasemi nami. Nimejipakulia chakula mwenyewe, kimepoa. Inaniuma, nisidanganye. Najifariji na idara.

Jumatatu, 10 Machi

Idara kapewa Mwalimu wa Baiolojia.

Mkuu kanisomea ripoti. Mkaguzi anasema hajawahi kuona moli ikifundishwa vizuri namna ile. Ila mwalimu aliyejua miaka yote kwamba majirani zake wanapunjwa, akanyamaza, hafai kukabidhiwa hata ufunguo wa maabara. Mwalimu wa Baiolojia alinipa pole tena. Ya kweli! Ndiyo iliyonikera zaidi.

Nimetafakari mchana kutwa, bila upendeleo. Kosa nimeliona. Nilikamata mwizi mmoja tu, tena wa nyumbani, ikaonekana nilikuwa namficha. Mada ijayo ni michanganyiko. Tutapima maziwa ya yule mama anayeyapitisha asubuhi, tujue maji ni kiasi gani, na wazazi wote nitawaalika. Nimemweleza mke wangu. Katamka neno kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi: huyo mama wa maziwa ni dada yake Mkuu wa shule.

Vizuri sana! Mkuu atafurahi kuona familia yake inachangia elimu.