Malalamiko Dhidi ya Kidonge cha Bei Nafuu

Gwarama, Kakonko.

Ndugu Haidari, mwenye duka la dawa, Kibondo,

Salaam kwako na kwa mama watoto. Mimi ni Esteri Niyonkuru, mteja wako wa dawa ya kifafa. Nakuandikia kwa heshima zote, lakini nimekasirika.

Masika yaliyopita uliniambia kwamba kampuni iliyokuwa na haki ya kutengeneza dawa yangu peke yake, muda wa haki hiyo umekwisha, na sasa viwanda vingine vinaitengeneza ileile kwa bei ya chini. Ukanipa. Niliondoka nikikusikitikia, maana rahisi ni ghali. Yaliyonipata ni haya:

1. Dawa ya zamani ilikuja katika boksi la buluu lenye maandishi ya dhahabu. Maboksi nikiyapanga kabatini, wageni wanajua nyumba hii ina mgonjwa wa maana. Hii mpya mnaitia kwenye kibahasha cha kaki. Kibahasha nikipange wapi?

2. Ile ya zamani haikupatikana mpaka kaka yangu auze mbuzi, kwa hiyo niliimeza kwa kuruka siku isiishe upesi. Nikiruka naanguka, watu wananihurumia. Hii naimeza kila siku kama chai, na tangu tupande maharage sijaanguka. Huo ni uungwana?

3. Kwa kuogopa kwamba povu langu linaambukiza, nilitengewa sahani yangu ya bati na samaki wangu mzima wa mgebuka, peke yangu barazani. Sasa nimeitwa kwenye sinia. Bwana Haidari, watoto wa kaka wana mikono sita kila mmoja. Nikimaliza kunawa, samaki amebaki jina.

4. Miaka yote nilikatazwa jikoni nisije nikaungua. Nilikuwa napika kwa mdomo, nimekaa mkekani. Wiki jana wifi yangu Ndayikeza akaninyooshea mwiko: "Shika, wifi. Bugali hausongwi kwa macho." Nikasonga. Nililia kidogo, nikasingizia moshi.

5. Harerimana, mgane wa Munanila, ameulizia habari zangu. Zamani kaka angemjibu kwamba mimi ni mgonjwa, yakaisha. Safari hii akamkaribisha chai.

Kwa hiyo naomba unirudishie ile ya ghali. Ikishindikana, ipandishe hii bei nipate kuruka siku moja moja. Hilo nalo likishindikana, waombe wenye kiwanda waipunguze nguvu siku za kufua na siku za samaki.

Nisalimie Mwamvua anayenihesabia vidonge, na majirani zako wote wa sokoni walioniokota nilipokuwa naanguka.

Mimi, mwenye kinyongo na afya,
Esteri Niyonkuru

Tanbihi: Anayekuletea barua hii ndiye Harerimana. Mpe vidonge vyangu vya miezi mitatu, vilevile vya kibahasha, na tafadhali asirudi mikono mitupu. Jumamosi ndugu zake wanakuja kwetu, na mpishi ni mimi. Ile sahani yangu ya bati sasa kuku wanainywea maji. Niliwawekea mwenyewe.