Nyota wa Mkomaindo Apanda Newala

Jumatatu, 4 Septemba 2023
Nimeamua. Nitakuwa mwigizaji wa vichekesho. Sinema, si video za simu! Mama kasema sawa, ila nisipopata nafasi hadi Jumapili, naenda Lulindi kwa mjomba kupalilia mikorosho. Jua lote lile! Habari njema: Anselmo, mtengeneza filamu, yuko juu Newala anatafuta mchekeshaji. Habari mbaya: jirani yangu hapa Mkomaindo, Zabroni, anajua. Huyu alishatokea kwenye filamu moja, mgongo tu, na tangu hapo anavaa miwani ya jua hadi kanisani.

Jumanne, 5 Septemba
Mazoezi ya kuanguka. Mara kumi na nne, safi kabisa. Ya kumi na tano nikaangukia jiko la Mama Faidha wa jirani. Maharage yote chini. Kauliza kama nimelogwa. Hajui sanaa.

Jumatano, 6 Septemba
Msiba Newala. Mzee Husseni kafariki. Ukoo wetu na wake ni watani, na msiba bila mtani haujatimia, kwa hiyo Mama kanituma mimi. Siku nzima ya mazoezi imepotea!

Marehemu alikuwa na tanki la maji ya mvua, lina kufuli. Alikuwa akiligonga kwa kidole, anatega sikio kujua yamebaki kiasi gani, ndipo anakuuzia ndoo moja kwa shingo upande. Basi nikavaa kanzu yake, nikakaa juu ya mfuniko. Wakaja kuchota maji ya kumwoshea. Nikakataa. Nikasema maji yangu sitoi bure hata kwa maiti yangu, na wanaolia wakinge ndoo, machozi yasipotee. Msiba mzima ukaangua kicheko. Mjane, Bi Maryam, alicheka huku analia, akasema leo kamwona mumewe tena. Nikafuta macho. Vumbi la Newala hilo.

Kumbe Anselmo kapanga chumba nyumba ile ile! Kaniona juu ya tanki, kaniita kwenye majaribio Ijumaa. Nabaki huku huku.

Ijumaa, 8 Septemba
Anselmo kaomba nimfanye yule mzee. Mzee! Nani atoke kwake kwenda kumtazama mzee na tanki? Nikampa sinema: unga usoni, suruali hadi kifuani, nikaanguka mara saba. Hakucheka mtu. Zabroni naye kaanguka mara nane. Mwizi!

Nikatoka nje, nikakaa barazani, nikalia. Naitaka nafasi hii kuliko kitu chochote. Anselmo akanifuata. Kasema hajampa mtu bado, nirudi Jumapili nimletee mzee tu, bila kitu kingine, na hiyo ndiyo mara ya mwisho.

Jumamosi, 9 Septemba
Nikaenda kumwamkia Bi Maryam. Kanipa kofia ya marehemu. Kasema niivae, nikae, nigonge kwa kidole, inatosha. Nampenda bibi huyu.

Jumapili, 10 Septemba
Nimeamka alfajiri, nimetafakari. Kosa langu la Ijumaa nimeliona wazi: unga ulikuwa mchache. Anselmo anamtaka mzee? Atampata! Nimemwongezea kitambi cha mto na masharubu ya katani, na ataanguka kutoka juu ya tanki mara kumi. Kofia nimemrudishia Bi Maryam. Nzuri, lakini haichekeshi.

Mama kapiga simu kuuliza amjibu nini mjomba. Nimemwambia mjomba atafute mtu mwingine.