Mifugo Yangu Iliyo Chini ya Ardhi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Pokea salamu kutoka bondeni. Sisi wazima, ila mbuzi mmoja amekula sehemu ya karatasi hii, uniwie radhi.

Nimesikia bonde letu la kukaa majira ya baridi atapewa jirani yangu Gombojav, kwa kuwa sensa ya mifugo imempa vichwa elfu, na mimi wangu wanamalizika kuhesabiwa kabla chai haijapoa. Kwa heshima zote, sensa imekosea.

1. Makarani walihesabu wenye miguu tu. Nomintuya, yule binti mtafiti anayechota udongo wetu, ameniambia kijiko kimoja cha udongo wa malisho haya kina vijidudu wengi kuliko watu wote wa Mongolia. Nikamuuliza, “Wazima?” Akanijibu, “Wazima, babu, na wana njaa.”

2. Wanakula samadi. Tena ng’ombe akikata jani, mzizi hudondosha utamu, nao wakauramba. Pale Nomintuya alipozungushia waya wanyama wasiingie, anasema vijidudu wamepungua. Sasa anayewalisha ni nani? Na anayemlisha mnyama ndiye mwenye mnyama.

3. Kwa hiyo mimi ndiye mfugaji mkubwa kuliko wote duniani, na sina hata nishani. Gombojav anayo. Huivaa hata akikamua.

4. Nilimwomba daktari wa mifugo aje kuwachanja. Alicheka mpaka akateleza kutoka juu ya farasi. Nashtaki kicheko hicho.

5. Mkishikilia kunihamisha, leteni malori yabebe kundi langu lote, yaani bonde lenyewe, mpaka kina cha mkono. Madereva waende polepole. Wengine kundini wana mimba.

Nisalimie mama watoto, makarani wote, na yule mlinzi wa getini anayenuna.

Ni mimi mfugaji wako mtiifu,
Luvsandagva

Nyongeza: Mke wangu Khandsuren amesoma barua hii akacheka kuliko daktari. “Mzee, samadi ipi? Yetu si naiokota yote, naikausha, unaota moto wake hapo ulipo?” Eti iliyobaki bondeni ni ya ng’ombe wa Gombojav, wanaoingia kula mimi nikisinzia. Mheshimiwa, karatasi nyingine sina. Nakusihi barua hii Gombojav asiione, maana atachukua bonde kwa elfu yake, kisha aje kunidai na mabilioni yangu ya vijidudu.